Ratushi ya Bunju

Wiki iliyopita vijana waliuangusha mnara wa Baba kwa nyundo, na ilipofika adhuhuri pale uliposimama palikuwa na rundo la kifusi na nondo zilizopinda. Hakuna aliyelia. Mdogo wangu Issa alikuwa amekaa juu ya ndoo akiangalia simu, nami nilikuwa nikigawa maji ya kunywa. Nyufa zilikuwa zimeshafika chini, watoto wa majirani wanacheza pale, na sisi wawili tulikuwa tumechoka kuambiana kila mwaka kwamba tutaukarabati. Baba mwenyewe hayupo tena. Mama tulipompigia simu kumwomba ruhusa alisema, "Bomoeni," akauliza kama Bunju kumenyesha, akakata. Basi tukabomoa. Lakini vijana walipolimwagia maji lile rundo ili vumbi litulie, harufu ikapanda, ile ya simenti kavu inapokunywa maji, nikajikuta nimesimama na kikombe mkononi sikumbuki nilikuwa nampelekea nani.

Wenzangu wa rika langu mnaijua harufu hiyo bila kuelezwa. Sisi ni watoto wa watu waliokuwa wakijenga. Sisemi waliojenga, nasema waliokuwa wakijenga, maana kazi ile haikuwa na mwisho. Mzazi ananunua kiwanja porini, anamwaga msingi, anapumzika mwaka mzima, anapandisha kozi chache za tofali, anapumzika tena, na majani yanaota sebuleni. Wenye bahati Jumapili walipelekwa ufukweni kula mihogo. Sisi tulikwenda saiti. Wengine saiti zao zilikuwa Mbagala, wengine Kitunda, yetu ilikuwa Bunju, ambako siku hizo ukishuka barabarani unatembea kwenye mchanga mpaka miguu inakataa. Kazi ya mtoto saiti ilikuwa kuzimwagia tofali maji zisije zikapasuka kwa jua. Nimemwaga maji mimi jamani, hadi leo nikiona kopo la plastiki mabega yananiuma.

Makazi yetu yalikuwa Temeke, chumba na sebule, katika nyumba ya wapangaji wengi yenye bafu moja na choo kimoja uani. Mama aliamka kabla ya wote ili aoge kabla foleni haijaanza, kisha akakaa kwenye cherehani yake barazani akishona sare za shule mpaka jioni. Mama mwenye nyumba alikuwa na sheria zake, na aliyezisahau alikumbushwa kwa sauti inayofika mtaa wa pili: maji yasimwagwe uani, watoto wasikimbie koridoni, wageni wasilale. Mama hakuwahi kugombana naye. Alikuwa akisema tu, "Sawa, mama," na uso wake unabaki vilevile, kama mtu aliyeweka mzigo chini kwa muda akijua ataubeba tena.

Baba alifanya kazi katika ofisi moja ya serikali mjini, akikagua ramani za nyumba za watu. Mtaani walimwita Polandi. Ujana wake alipelekwa huko kusomea ujenzi, enzi zile nchi zilipokuwa zikisomesheana vijana kwa urafiki, na alirudi na koti zito ambalo Mama alilifanya godoro la Issa, pamoja na picha moja kubwa iliyokatwa kwenye kalenda. Miezi ya kalenda ile ilikuwa imekwisha kabla mimi sijazaliwa. Picha ilibandikwa ukutani sebuleni, juu ya kabati la vyombo, na ndani ya picha kulikuwa na Ratushi.

Ratushi ndivyo tulivyoliita sisi. Kule, alisema Baba, kila mji wa zamani una jumba lake la halmashauri, na jina lake ni hilo. Hilo la kwenye picha lilikaa peke yake katikati ya uwanja wa mawe, na nyumba nyingine zote zililizunguka zikiliangalia. Chini lilikuwa na matao mapana, watu wakipita humo mvua au theluji isiwapate. Juu ya matao madirisha marefu, na juu ya madirisha ukuta wa nakshi uliopanda kuliko paa lenyewe, kiasi kwamba ukiwa chini paa hulioni. Baba alisema ukuta ule haukuwa wa urembo peke yake, ulizuia moto usiruke kutoka paa moja kwenda jingine. Siku hizi kila mwenye nyumba mpya Dar anaficha bati nyuma ya ukuta na kujiona wa kisasa, nami huwa nacheka peke yangu. Halafu pembeni kulikuwa na mnara: chini wa pembe nne, juu wa pembe nane, na juu kabisa kuba la shaba lililogeuka kijani kwa uzee.

Watoto wengine walisimuliwa sungura na fisi, sisi tulisimuliwa Ratushi. Tulijua kwamba ukumbi wa chini ulikuwa na mizani ya mji, na mfanyabiashara aliyekuja na chumvi au nta au majora ya vitambaa alipima hapo kabla hajaruhusiwa kuuza. Tulijua kwamba chini ya ardhi upande mmoja waliweka mapipa ya pombe na upande wa pili wafungwa, na Mama akasema basi ni kama Temeke tu. Tulijua habari za mlinzi aliyekaa juu mnarani na tarumbeta, akiona moshi anaipiga, na mji mzima unatoka na ndoo. Tulijua chumba cha wazee wa mji, chenye dari ya mbao iliyochorwa na meza ndefu ambayo asiye na neno la maana haruhusiwi kuigusa. Jumba liliungua, watu wa mji wakaita mafundi kutoka Italia wakalijenga upya kwa mtindo wa kwao, wa matao na nakshi. Karne zikapita, ikaja vita kuu, mnara ukaangukia ukumbi. Watu wa mji, kina mama na watoto, waliokota tofali kwenye kifusi mojamoja, wakazikwangua chokaa, wakalisimamisha tena kwa kutazama picha za zamani. Hapo Baba alikuwa akisema, "Mnaona? Kujenga ni subira."

Sasa mimi, kwa akili yangu ya mtoto, nilielewa jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia. Nilielewa kwamba Baba alikuwa akiishi mle. Mtu gani anayajua mambo ya ndani ya nyumba kiasi kile, ngazi zinazolia zikikanyagwa, dari, mpaka baridi ya chumba cha chini, kama hakulala humo? Nilimwona akilini akishuka ngazi asubuhi na mswaki mdomoni. Niliona anakunywa chai kwenye meza ya wazee. Niliamini kwamba aliiacha nyumba yake nzuri akaja kwetu, kwenye chumba na sebule, na kwamba kule Bunju alikuwa hatafuti kingine ila kurudishiwa kilicho chake. Kwa hiyo Mama alipolalamika nilimkasirikia kimoyomoyo. Nilimwona hana huruma kwa mtu aliyepoteza nyumba.

Na Mama alikuwa na haki ya kulalamika. Baba alianza na mnara. Alimwambia Bunju hakuna maji, lazima tanki likae juu, na tanki likikaa juu lazima liwe na mnara, na Mama aliyeyabeba maji maisha yake yote akakubali. Kumbe mnara wenyewe ulikuwa na matao chini na madirisha membamba ambayo tanki haliyahitaji. Mnara ulipofika juu ya vichwa vya minazi Baba akasema sasa tuweke matao ya mbele, ili nyumba ijue uso wake uko wapi. Tao la kwanza lilichukua msimu mzima. Fundi Chilumba, mwashi kutoka Newala aliyekuwa na subira kushinda hata Baba, alilijenga akalibomoa akalijenga tena, maana hakuwa amewahi kulikunja tao pana namna ile. Nyuma ya tao hilo hapakuwa na sebule wala chumba, palikuwa na mihogo ya jirani.

Jumapili moja akaja mzee mmoja mwenye kanzu, akausifu sana mnara, akauliza swala itaanza lini, kwa sababu msikiti wa karibu ulikuwa mbali na miguu yake ilikuwa imechoka. Baba akamweleza kwa heshima kwamba ni nyumba ya kuishi. Yule mzee akautazama mnara, akamtazama Baba, akamwombea heri akaondoka. Baada ya wiki kadhaa wakaja kina mama wawili wenye vitambaa vya kwaya, wakitaka kujua ni kanisa la madhehebu gani. Fundi Chilumba alicheka hadi akakaa chini. Mama hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha tao akimenya machungwa, na jua lilipohama naye akahama, kwa sababu tao halina kivuli cha kutosha watu wanne.

Alimwambia Baba siku hiyo, mbele yetu, bila kupandisha sauti, "Wale walikuwa mji mzima, Baba Zuhura. Wewe uko peke yako. Na waliokuwa wakisubiri, walikaa wapi?"

Baba akajibu kwamba hilo kwenye kitabu alichosoma kule hawakuandika.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo kama si Bibi. Bibi mzaa mama alikuwa Lindi, peke yake katika nyumba ya udongo, na mvua za mwaka ule zilipokwisha miguu ilimvimba akashindwa kutoka nje bila kushikwa. Mjomba alituma ujumbe kwamba yeye ni mtu wa safari na malori yake, hawezi kumwangalia, na Mama ndiye binti pekee. Mama alikwenda kwa mama mwenye nyumba na kitenge kipya mkononi, akakaa naye muda mrefu. Alirudi na kitenge chake. Wageni wasilale, na mgonjwa ndiyo kabisa.

Tangu hapo Mama alikuwa na ombi moja tu. Chumba kimoja. Alilisema asubuhi Baba akifunga vifungo vya shati, alilisema usiku akizima taa. Chumba kimoja chenye mlango, popote pale kwenye kiwanja, amlaze mama yake amhudumie. Mtaani watu wote walifanya hivyo, unajenga kibanda uani, unahamia, ile nyumba kubwa inakukuta humo. Baba alisema kibanda kitaharibu mandhari ya nyuma, na ukishahamia kibandani hutajenga tena, utazeekea humo. Hakukosea, tuseme ukweli. Nawajua wengi waliozeekea vibandani. Lakini yeye aliahidi kwamba akimaliza tu ile sehemu ya juu ya mnara, ya pembe nane, kitakachofuata ni chumba cha Bibi. Tofali za pembe nane zilikuwa tayari zimefyatuliwa, zimepangwa chini ya tao, na mimi nazimwagia maji kila Jumapili.

Ndipo kazini wakamtuma Baba Tabora, safari ya wiki nyingi. Alituaga, akaniachia mimi jukumu la kuzimwagia maji tofali.

Jumatatu yake Mama hakushona. Alitufunga mimi na Issa vilemba vya jua, tukaenda Bunju siku ya shule, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Fundi Chilumba alikuwa kwenye kibarua cha jirani. Mama akamwita, akamwonyesha pahali nyuma ya mnara penye kivuli cha mkorosho, akamwambia anataka vyumba viwili, kimoja cha mama yake na kimoja chetu, vya kawaida, visivyo na tao lolote.

Fundi aliziangalia tofali. Akasema, "Mama, hizi za mnara. Mzee anajua?"

"Mama yangu hawezi kulala mnarani, fundi," Mama akasema. "Mzee akirudi atanikuta mie, hatakukuta wewe."

Fundi Chilumba akavuta kamba yake mfukoni, akaanza kupima. Mimi nilizibeba tofali zile moja moja kutoka chini ya tao hadi chini ya mkorosho nikilia, na Mama aliniona ninalia wala hakuniuliza. Mimi nilikuwa naona tunaibomoa nyumba ya Baba angali hai. Ni ajabu jinsi mtoto anavyoweza kusimama upande wa picha ya kalenda dhidi ya bibi yake mwenye miguu iliyovimba, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Kuta zilipanda upesi. Tulikuwa tumezoea mwaka kwa tao moja, sasa ikawa kila tunapokwenda kuna dirisha jipya. Mabati yalikuja kwa mkokoteni. Mama aliyapata wapi hakusema, ila cherehani sikuiona tena barazani. Mlango ulipatikana mmoja, wa mtumba, na fremu yake moja, na hapo fundi akaja na tatizo. Vyumba viwili na mlango mmoja maana yake chumba chetu kitafikiwa kwa kupitia chumba cha Bibi. "Na mzee atapitaje?" akauliza, akikwepa macho ya Mama. Kwetu kusini hilo si swali dogo. Mwanamume hamkaribii mama mkwe wake ovyo ovyo. Akikutana naye njiani anampisha, na chumba anacholala mkwe wake hakanyagi. Mama alifikiri akiwa ameshika kiuno. Akasema tukipata mlango mwingine tutatoboa nyuma, kwa sasa mama yake anaingia.

Bibi akaletwa na mjomba, ameketi mbele kwenye lori amefungwa khanga na mto mgongoni. Walimshusha na kiti. Aliinua uso akautazama mnara usiokuwa na kichwa, akauliza, "Huu msikiti wa nani?" na Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na machozi yakamtoka, kisha akaendelea kumvua Bibi viatu huku bado anatikisika mabega. Sisi tulihama siku ileile. Vitu vyetu vyote vilienea kwenye lori la mjomba na nafasi ikabaki. Picha ya kalenda nilikuja nayo mimi, nimeikunja kwapani.

Baba alirudi bila taarifa, kama ilivyokuwa enzi hizo. Alikwenda Temeke akakuta chumba kitupu, wapangaji wakamwambia familia yako imehama, naye akaja Bunju na begi lake la safari jua likiwa limeinama. Nilimwona mimi kwanza. Alisimama chini ya tao akatazama pale tofali zilipokuwa zimepangwa, akatazama mnara, kisha akatazama bati jipya nyuma yake. Nikakimbia ndani. Mama alikuwa amejinyoosha kwenye godoro na Issa, mikono bado ina udongo wa sakafu aliyokuwa akiisawazisha tangu asubuhi. Nikamwambia Baba amekuja. Alifumba macho. "Mwambie mlango uko wazi," akasema.

Nilimwamkia Baba shikamoo, nikampa ujumbe, nikamweleza na lile la chumba cha Bibi, kwamba njia ni hiyo moja. Hakugomba. Afadhali angegomba. Aliweka begi chini akaketi juu yake, mgongo kwenye nguzo ya tao, na nikaona kwamba viatu vyake vimejaa vumbi jekundu la Tabora na kwamba amezeeka. Nilitaka kumfariji. Nikamwambia asihuzunike, picha ninayo, tutajenga tena kama ile nyumba yake ya kule aliyokuwa akikaa.

"Nyumba yangu ipi?" akauliza.

Nikasema, Ratushi. Ulikokuwa ukilala.

Baba akaniambia mambo ambayo nadhani hakuwahi kumwambia mtu, na aliniambia mimi kwa sababu nilikuwa mdogo na yeye alikuwa amechoka. Hakulala mle. Alilala bweni la wanafunzi nje ya mji, watu wanne chumba kimoja. Mbele ya Ratushi alikuwa akipita tu akienda chuoni, na siku za mapumziko alikwenda kusimama pale uwanjani kwa sababu hakuwa na kwingine kwa kwenda, na lile ndilo lilikuwa jumba zuri kuliko yote. Habari za mizani na mlinzi na dari alizisoma kwenye kijitabu, kwa kamusi, neno kwa neno, usiku wa baridi.

"Ndani sikuwahi kuingia," akasema.

Nikamuuliza nani alimkatalia.

"Hakuna aliyekataa. Watu walikuwa wakiingia na kutoka. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni, nikabisha hodi kwa lugha yao, nilikuwa nimejifunza maneno. Mlinzi akanitazama, akainua mabega. Nikangoja aseme karibu. Hakusema. Nikaondoka." Akafuta viatu vyake kwa kidole, vumbi halikutoka. "Nilikuwaga nakwenda tena na tena, labda leo kuna mlinzi mwingine atasema. Mwaka wa mwisho ndipo mwenzangu mmoja akanieleza kwamba kule hakuna karibu. Nyumba ya mji ni ya watu wote, unasukuma mlango tu. Lakini mtu utaingiaje bila kukaribishwa?"

Hata leo, nikipita kwenye milango ya ofisi za watu, huwa nasimama kidogo. Nilichohisi siku ile kilikuwa hasira, na nilishangaa kuona kwamba haikuwa kwa Mama tena. Ilikuwa kwa wale watu waliomwacha baba yangu amesimama kwenye baridi miaka yote, na hawakujua hata kama yupo.

Ukuta wa chumba cha Bibi ulikuwa hatua chache kutoka pale tulipokaa, na dirisha halikuwa na kitu ila khanga. Bibi alikuwa amesikia yote. Miguu yake ilikuwa mibovu, masikio hapana.

"Zuhura," akaita. "Nani huyo anakaa nje kwake?"

"Ni Baba, Bibi."

"Mwambie apite akapumzike."

Baba akasimama wima kama aliyeitwa na mwalimu. Aliongea akiangalia chini, ingawa kati yao kulikuwa na ukuta mzima. Alimwamkia shikamoo, akamuuliza hali na safari, akasema haidhuru, atalala hapa nje, kuna joto, kesho atatafuta mlango utobolewe nyuma.

Ndani kitanda kikalia. Bibi alikuwa akijigeuza, na kujigeuza kwake kulikuwa kazi kubwa, nilimsikia akitaja jina la Mungu kila anapouhamisha mguu. Ilichukua muda. Kisha sauti yake ikaja tena, ndogo zaidi, kwa sababu sasa ilikuwa ikipiga ukutani.

"Nimeelekea ukutani na nimejifunika gubigubi, mkwe wangu. Sikuoni, hunioni. Karibu ndani."

Baba hakusogea. Nikadhani hajasikia, nikamvuta mkono. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakujaribu kuuficha. Akavua viatu akavishika mkononi, akainama chini ya ile fremu ya mtumba iliyokuwa fupi kuliko yeye, na pale kizingitini akasema hodi, polepole, ingawa alikuwa ameshakaribishwa. "Karibu," Bibi akasema tena kutoka ndani ya khanga. Baba akapita kandokando ya kitanda, akinyata, uso ameuelekeza upande mwingine, nami nyuma yake na begi.

Kwenye chumba chetu Mama alikuwa amelala. Issa amelala mkononi mwake, na mdomo wa Mama ulikuwa wazi kidogo. Sikuwahi kumwona Mama akilala. Temeke alikuwa akilala baada yetu na kuamka kabla yetu, na nilikuwa nimeshazoea kudhani kwamba hana haja. Baba aliangalia kuta ambazo hazijapigwa plasta, tofali zake zote zinaonekana, na nikangoja aseme neno juu ya tofali. Nikaweka begi chini, nikasogea nimwamshe Mama nimwambie Baba ameingia.

Baba akanishika bega. "Mwache," akasema kwa sauti ya chini. "Mwache mama yako alale."